Mji wa Matofali ya Kiberiti

Nilitoka Uvira na begi moja la turubai na jina la mahali nisipopajua: Nakivale. Dada yangu mkubwa, ambaye kwetu tunamwita yaya, aliolewa na fundi mwashi, mkimbizi aliyekuwa akifanya kazi mjini kwetu, kisha akamfuata hadi Uganda, kwenye makazi ya wakimbizi walikokuwa wakwe zake. Mimi nilikuwa nimemaliza sekondari, sina kazi, na miguu yangu tangu zamani haijui kutulia. Nilipanda lori hadi Bukavu, nikavuka ziwa kwa meli hadi Goma, nikafika Rutshuru nimekaa juu ya magunia ya maharagwe, nikapita mpaka wa Bunagana kwa miguu. Kutoka Kisoro hadi Kabale barabara ilizunguka milima hata nikaacha kuuliza tumefika wapi. Mbarara, karibu na kambi ya jeshi, askari wa kizuizi cha barabarani alinishusha garini.

"Wewe natoka wapi?"

"Zaire, afande. Naenda kumwona dada yangu."

"Dada nakaa wapi?"

"Nakivale."

Akanitazama kana kwamba nimemwambia dada yangu ni mgonjwa. "Haya, kwenda. Lakini kula kwanza. Huko iko mbali."

Lori la ndizi lililokuwa likirudi tupu lilinifikisha Isingiro, na kutoka hapo nikatembea kati ya migomba na ng'ombe wenye pembe ndefu hadi vumbi likawa limenibadilisha rangi. Yaya aliponiona alilia, akacheka, kisha akanigombeza kwa kukonda. Nyumba yake ilikuwa ya miti na udongo, imeezekwa nyasi, na katika pembe moja ya chumba kulikuwa na sufuria ya kukinga maji ya mvua.

Nyuma ya nyumba, chini ya kibanda kisicho na kuta, palikuwa na mji.

Ulikuwa mpana kama mikeka minne iliyounganishwa. Kulikuwa na kanisa lenye mlango wa tao, soko, maduka ya ghorofa yenye baraza, na daraja ambalo mtu angeweza kupitisha mkono chini yake. Wote ulijengwa kwa matofali madogo aliyoyafyatua shemeji kwa kutumia kisanduku cha kiberiti. Alikuwa ameanza na nyumba moja ya kuwachezesha watoto wake, na hakuweza kuacha.

Kwa kuwa sikuwa na la kufanya, alinitia kazini. Udongo tuliuchota kando ya ziwa, tukaukanda pamoja na majivu. Kisanduku ulikipaka mchanga laini kwanza, ama sivyo tofali linang'ang'ania humo na kutoka limevunjika. Matofali yalikaa kivulini kabla ya kuonja jua, kisha tukayachoma ndani ya chungu kilichofukiwa makaa. Nusu tofali ulilikata likiwa bado bichi, kwa uzi uliovutwa vizuri. Gundi yetu ilikuwa udongo uliolainishwa kama uji, ukipakwa kwa mpini wa kijiko.

Siku ya kwanza nilipanga matofali yangu moja juu ya jingine, viungo vyote vikafuatana mstari mmoja toka chini hadi juu. Shemeji akausukuma ukuta wangu kwa kidole kimoja, ukagawanyika mara mbili.

"Ulifanya miaka mingapi ku masomo?" akaniuliza.

"Mingi."

"Na yote hiyo banakufundisha kupanga bitabu tu?"

Akanionyesha. Ukuta unaanzia kona, si katikati. Tofali la juu linakalia nusu ya hili na nusu ya lile, ili kiungo kipate mtu wa kukishika. Mstari mmoja unayalaza kwa urefu, mwingine unayaingiza kwa upana. Kwa tao alikata mkebe wa maziwa katikati, akayapanga matofali juu yake, na udongo ulipokauka akauchomoa mkebe taratibu, akizuia pumzi kana kwamba tao ni kubwa na yeye amesimama chini yake. Kila jengo lilikaa juu ya ubao wake, ili mvua ikianza tulibebe na kuliingiza ndani.

Hapo ndipo yaya alipochoka.

"Ile mji ni ya bapanya?" alisema asubuhi moja, akikamua nguo zilizolowa. "Nyumba zao zinaingizwa ndani, miye nabaki na sufuria."

Shemeji akaenda kumwaga maji ya sufuria. Fundi yule, aliyejenga nusu ya mtaa wetu kule Uvira, hakuwahi kuchoma tofali moja kubwa hapo makazini, na si kwa uvivu. Wazazi wake walikuwa wamekaa pale tangu mimi sijaanza shule, na kila mwaka walisema mwakani tunarudi kwetu. Nyumba ya miti ni ya mtu atakayerudi. Anayejenga kwa tofali amejizika ugenini, yeye na wenzake. Majirani wote waliamini hivyo, na mama yake kuliko wote.

Kisha mfanyabiashara mmoja kutoka Nyamityobora, Mbarara, hajji mnene mwenye maneno mengi, alikuja Misiera, soko la hapo makazini, kununua maharagwe, akasikia habari za mji. Akaja, akakunja kanzu, akachuchumaa.

"Ssebo, bwana, mimi nataka kupanga hii ya kona. Nani mwenye nyumba?"

"Bei yake utaweza, hajji?" shemeji akamjibu.

Hajji akacheka hadi akashika ardhi. Halafu akasema kwa sauti nyingine: "Na kubwa unaweza?"

"Kubwa ni rahisi. Vidole vinaingia."

Alikuwa na maduka yaliyobomolewa wakati wa vita, akatuchukua tukayajenge. Yaya alitufungia chakula bila kututazama.

"Unaenda kujengea bantu bengine," alimwambia mumewe.

"Ni kazi."

"Na huku?"

"Huku tuko tunangoja."

"Miye sikatae kungoja. Nataka kungojea fasi ya kukauka, pale mvua haingie."

Tulikaa Mbarara kiangazi kizima, mimi nikikoroga udongo, shemeji akiinua kuta, mke wa hajji akituletea chai yenye tangawizi nyingi. Tuliporudi, mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika, na kando ya nyumba ya yaya palikuwa na kuta nne za matofali mekundu zilizofika kiunoni.

Yaya alikuwa ameyafyatua mwenyewe, akayachoma pamoja na wanawake wawili. Mama mkwe alikuwa hamwamkii tena.

Shemeji alizizunguka kuta. Kona zilikuwa sawa. Viungo vilipishana vizuri, urefu na upana, kama vya kanisa lile dogo. Kisha akapiga magoti, akapitisha kidole chini ya mstari wa kwanza, kidole kikapita.

"Msingi uko wapi?"

"Msingi gani?" yaya akasema. "Mu mji yako, nyumba gani iko na msingi?"

Shemeji akakaa chini, akacheka mpaka akajifuta macho. Mimi sikucheka. Yaya alikuwa amesimama na mikono iliyopasuka kwa udongo, na sote watatu tulijua mvua ya kwanza ingezilaza kuta zile. Mume angeweza kuiachia mvua kazi hiyo, na hakuna ambaye angemlaumu.

Kesho yake alikwenda kwa mama yake. Walizungumza kwa lugha yao muda mrefu. Aliporudi alichukua kamba na vigingi, akaanza kuzishusha kuta, akiyaweka matofali pembeni moja moja. Mama mkwe alikuja nyuma yake na kigoda chake, akaketi, akasema neno.

"Anataka mlango uangalie kwetu, kule tulikotoka," shemeji akatafsiri.

"Upande ule ndio mvua inatokaka," yaya akajibu.

Yaya akautazama uso wa bibi kizee. Kisha akang'oa kigingi cha mlango, akakipeleka upande ule.

Siku niliyoondoka moja kwa moja, mtaro wa msingi ulikuwa umeshafika magotini na walikuwa wakiujaza mawe, wakishindana na mawingu. Nilikuwa nimepata lori la kwenda Mbarara. Yaya alikuwa ndani ya mtaro, mikono imejaa udongo, akaninyooshea kiwiko nikishike badala ya kiganja.

"Fika salama," akasema. "Na usikanyage kamba."