Mama wa Kipini Aliyekataa Kuhukumu

Nilikuwa mtoa dawa katika zahanati moja karibu na Garsen wakati mkunga wetu na dereva wa ambulensi walipoacha kusemezana. Mkunga alikuwa Mpokomo wa Hewani, dereva Muorma. Zilianza kukatika salamu, kisha ikafuata kazi yenyewe. Akitaka gari, mkunga hunituma mimi nikamwambie dereva, ilhali dereva amesimama pale pale anatusikia.

Mkuu wa zahanati alipochoka, akaomba msuluhishi. Nilitarajia mtu wa suti na mkoba. Akashuka kwenye bodaboda mama mmoja mfupi wa Kipini, buibui limejaa vumbi.

Alizungumza kwanza na kila mmoja peke yake, mlango umefungwa. Mkuu akamngoja nje.

"Haya mama, mkosaji ni nani?"

"Hilo la hakimu, daktari," akajibu kwa upole. "Mimi sikuja kuhukumu. Na waliyoniambia ni amana. Yatatoka vinywani mwao wenyewe, wakitaka."

Sikuwahi kuona mtu akimjibu mkuu wetu hivyo. Mkuu akaitikia kwa kichwa na kurudi ofisini.

Kesho yake niliitwa niwe mkalimani, maana dereva akipandwa na hasira Kiswahili humkimbia. Kabla hatujaingia, yule mama akanishika mkono. "Mwanangu, usiyalainishe. Akitukana, nipe tusi lote."

Mkunga ndiye aliyeanza. Siku ya mvua kubwa alikuwa kijijini upande wa Golbanti, na mama mmoja aliyejifungua akawa anavuja damu. Alimpigia dereva simu, gari halikufika. Wanakijiji wakamvusha mgonjwa kwa mtumbwi, mkunga akimkanda tumbo njia nzima. Yule mama alipona.

"Lakini huyu," akasema akimnyooshea kidole, "alikataa kuja kwa sababu mgonjwa si mtu wa kabila lao."

Dereva akafoka kwa Kiorma. Nikatafsiri lote, uso ukinichoma. Msuluhishi hakushtuka wala hakumkemea. Alingoja tu.

Kimya kikatanda. Nilitaka kusema neno, neno lolote lile. Yeye alitulia kama aliyeletwa kwa ajili ya kimya hicho. Sikujua kwamba kunyamaza nako ni kazi, tena kazi ngumu namna ile.

Dereva akasema, kwa Kiswahili, polepole: "Nilikuja, sista. Maji yalikuwa yamekata barabara. Nikashuka nipime kina, yakanibeba. Nikashika mti. Simu ikaenda na maji."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

Msuluhishi akamgeukia. "Ulitaka akuulize nini?"

Dereva akatazama sakafu. "Kama ni mzima."

Mkunga akajifunika uso kwa leso. Alipoiondoa alisema, "Pole, ndugu yangu. Wallahi sikujua," naye ni Mkristo wa kanisa kila Jumapili. Dereva akacheka kidogo, bila kupenda. Ugomvi uliotushinda sote ulikuwa umefunguka mbele yangu, na yule mama hakuwa ametoa hata ushauri mmoja.

"Haya," akasema. "Mvua itanyesha tena. Mtafanyaje?"

Wakapanga wenyewe: barabara ikikatika, dereva atatafuta simu ya mtu yeyote apige, mkunga naye hatangoja gari, ataanza kutafuta mtumbwi. Msuluhishi aliuliza tu, "Na simu ikikosekana?" na wakapanga tena.

Hawakuwa marafiki. Mpaka leo hubishana. Lakini mto ulipofurika msimu uliofuata, kila mmoja alijua la kufanya, na mgonjwa akafika hospitali.

Siku ile, baada ya kikao, nilimkuta msuluhishi nyuma ya zahanati, kwenye tangi la maji. Alikuwa akinywa kwa kikombe cha plastiki, na mikono yake ilitetemeka hata maji yakamwagikia buibui.

"Mama, nilidhani umeshazoea."

"Hayazoeleki, mwanangu." Akajifuta mdomo, akaniuliza ni wapi Garsen atapata kambare wazuri wa kupeleka nyumbani.