Lori Mlangoni pa Marehemu

Katika miaka ya sabini, mtaa wetu wa Shanwe uligeuka maegesho ya watu wasioishi humo. Wafanyabiashara wa mpunga kutoka Kibaoni waliacha malori mbele ya nyumba zetu, wakaenda stesheni kupanda treni ya Tabora kutafuta wanunuzi, funguo zikiwa mifukoni mwao. Kila mmoja alirudisha lori kinyumenyume hadi likaribie kugusa ukuta wa nyumba, mwizi asipate nafasi ya kufungua bodi kwa nyuma. Mkutano wa mtaa ulikwisha kupiga marufuku jambo hilo. Balozi wa nyumba kumi, aliyekabidhiwa kusimamia katazo, hakumwondoa hata mmoja. Alikuwa mtu mpole, na upole wa aina hiyo nimeuhesabu tangu hapo kuwa namna ya uvivu.

"Mama, hawa ni wageni wetu," alimwambia jirani yangu, ambaye mlango wake ulizibwa mara kwa mara.

"Mgeni hulala ndani, balozi. Huyu kalaza lori, mwenyewe kaenda Tabora!"

Tulicheka sote, balozi akiwamo, na shauri likafia hapo.

Kisha mume wa jirani huyo akafariki, lori likiwa mlangoni. Katika ukoo wao mwenye nyumba hutolewa kwa mlango wa mbele. Kumpitisha uani ni kumfukuza. Mjane hakuomba kingine. Wanaume tuliegemeza mabega, tukasukuma, lakini lori lilijaa magunia na halikutikisika. Upenyo uliobaki ulimtosha mtu kupita ubavu ubavu, si jeneza. Jua lilikuwa kali, na maiti haingoji treni.

Tulimtoa kwa uani, kati ya choo na banda la kuku. Mjane alitangulia, akisema kwa sauti, "Baba watoto, usinihesabie hili. Si mimi niliyekufukuza."

Mwenye lori alirejea siku ya matanga, akaleta debe la mchele. Balozi alimsifu mbele ya watu kwa utu wake. Mwenye lori alipompa mjane mkono wa pole, mjane hakuupokea.

"Toa gari kwanza. Pole itafuata."

Akalitoa, akiwa amenuna kama aliyeonewa.

Kesho yake mjane alipanga mawe makubwa mbele ya mlango wake. Balozi, ambaye miaka yote hakupata nafasi ya kulitekeleza katazo, alifika kabla ya adhuhuri na kumwamuru ayaondoe. Yalikuwa, alisema, yanazuia magari.