Kahawa Niliyoikataa Izigo

Mimi nina kiburi cha usafi, sikatai. Nilifundishwa na metroni Mzungu ambaye akikukuta na kucha ndefu anakurudisha bwenini mbele ya wagonjwa wote, na moja ya sheria zake ilikuwa hii: nesi hali wala hanywi nyumbani kwa mgonjwa. Nikaimeza nzima nzima. Nikaenda nayo Izigo nilikopangiwa zahanati, miaka ile ya Mwingereza, mkunga peke yangu kwa vijiji ambavyo usingevizunguka kwa siku mbili ukavimaliza. Gari hatukuwa nalo. Daktari alikuwa Bukoba mjini, na njia ya kumfikia ilikuwa machela na mabega ya wanaume.

Asubuhi moja niliitwa kwa mwanamke aliyekuwa na uchungu tangu jana yake. Nikanawa mikono kwa dawa, nikampima. Mtoto alikuwa amekingama tumboni, mkono wake mmoja umeshatoka nje. Niliugusa, na vidole vikanishika. Yu hai! Nikasimama, nikasema huyu ni wa kupasuliwa, aitwe kila mwenye bega, twende Bukoba sasa hivi.

Mama mkwe wake, mwenye mji ule, alininyooshea kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna. Jamani, mimi ni Mhaya, nimezaliwa Kanazi. Kwetu mgeni hapokewi bila punje hizo, na anayezikataa anawaambia wenyeji kwamba anaogopa kulishwa sumu. Nalijua hilo tangu utotoni. Lakini nilikuwa na mikono yangu safi na sheria yangu. Nikasema, "Mae, mama yangu, sina muda wa kahawa."

Kikapu kikarudi mapajani. "Basi," akasema, "asiyetuamini hatumpi mtoto wetu aondoke naye."

Wanaume waliokuwa uani wakaketi. Nilieleza, nikafoka, nikatishia kwenda kwa chifu. Wapi! Hakuna aliyeinuka bila neno la mama yule. Jua likapanda mpaka vivuli vya migomba vikaisha. Kutoka ndani yule mwanamke akaita, "Nesi, unaniacha?"

Hapo kiburi kikanitoka. Nikapiga magoti kwenye nyasi zilizotandikwa sakafuni, nikachukua punje mbili kwa vidole vilevile vilivyooshwa kwa dawa, nikazitafuna mbele ya mama mkwe. Nilikuwa nalia, na sikuona haya. Akanitazama hadi nikameza, kisha akageukia mlango. "Leteni machela!"

Wanaume wale hawakuwa wavivu, nisiwasingizie. Walibeba kwa kupokezana, mbio mbio, nami nikikimbia ubavuni. Lori la kahawa lililotoka Muleba lilitukuta tumeshafika Kanazi, karibu na shamba la baba yangu, na dereva akashusha magunia kando ya njia bila kuombwa mara mbili. Tulipompandisha mgonjwa nilivigusa tena vile vidole vya mtoto. Havikunishika.

Bukoba mama yake alipasuliwa, akapona. Daktari aliponiuliza tumecheleweshwa na nani, nilimwambia ukweli: na mimi.

Watu walidhani nitaomba uhamisho. Ng'o! Nilirudi Izigo na sheria yangu mwenyewe: kwanza kahawa, kisha nanawa, kisha nampima mgonjwa. Metroni alipokuja ukaguzi akanikuta mlangoni kwa watu natafuna, akafura. Nikamwambia anifukuze kazi kama anaye mwingine wa kumleta. Hakuwa naye, na akanywea chai yake garini.

Mwaka wa pili wake, asubuhi na mapema, nilimkuta mama mkwe yule amesimama mbele ya zahanati. Mkamwana wake yuleyule alikuwa nyuma yake, ana mimba ya miezi minane, mkeka na furushi la nguo kichwani. Daktari alikuwa amewaonya kwamba tumbo lile lenye mshono lisisubiri uchungu nyumbani, likae karibu naye mjini. Sikuwa nimewatumia mtu. Nikapiga magoti kumwamkia mama, nikakinga mikono yote miwili nipewe kahawa.

Akanitilia punje moja tu.

"Tafuna huku tunatembea, mwanangu," akasema. "Lori linapita saa mbili."