Safari ya Karanga Kwenda Kalenga

Bwana mwenye shamba aliponiambia kwamba anarudi kwao Ulaya, na kwamba Karanga, farasi niliyekuwa namtunza, ameuzwa kwa mlowezi mwenzake wa Kalenga, niliuliza jambo moja tu: atafikaje huko? Lori lilikuwa limeshajaribiwa. Karanga alizipiga mbao mateke mpaka akachubuka miguu, na hata injini ilikuwa haijawashwa.

"Utampeleka wewe, kwa miguu," akasema bwana. "Si ndiwe mama yake?"

Ulikuwa utani, ingawa haukuwa mbali na ukweli. Mama yake wa kweli aliumwa na nyoka akafa, Karanga akiwa bado ananyonya, na mke wangu Sekela akamlea kwa maziwa ya ng'ombe pale kwetu, juu ya Iyunga. Alikua mwekundu kama karanga iliyokaangwa, mwenye mbio, na mwoga kupita kiasi. Ndoo mpya ilimtoa jasho. Na yule bwana wa Kalenga alikuwa ametuma neno kwamba farasi mwoga hamtaki shambani kwake. Akifika na kukataa banda, atapigwa risasi. Kwa hiyo safari yangu haikuwa ya kumfikisha tu. Ilinibidi nimfundishe njiani kuingia mahali pageni.

Siku ya kuondoka, masika yakiwa ukingoni, bwana alinipa onyo moja. "Ukifika tambarare ya Usangu, jua lisizame ukiwa karibu na maji. Jioni kuna vidudu vinavyoleta homa ya farasi, na homa hiyo haina dawa." Nikaitikia. Sekela alimshika Karanga shingoni kwa muda mrefu, kisha akaingia ndani bila kuniaga mimi.

Kutoka Iyunga hadi Uyole alikataa kila kitu: kivuli cha nguzo ya simu, mama mwenye kanga ya njano, hata mtaro mkavu. Hapo ndipo nilipoanza kumtendea kama tunavyomtendea mgeni. Kwetu mgeni hakokotwi kuingia ndani. Anasimama uani, anasalimiwa, anaachwa apumue, na miguu yake mwenyewe ndiyo inayomwingiza. Basi kila mahali papya nilitangulia mimi, nikaketi nikimpa mgongo, nikatoa kiazi nikala taratibu huku kamba imelegea mkononi. Baada ya muda nilisikia pumzi yake kwenye kofia yangu. Ndipo nilipoinuka tukaendelea.

Igurusi alisimama nusu saa mbele ya ua wa mwenyeji wetu. Chimala alisimama kidogo tu, naye mwenyeji akanicheka. "We bwana, huyo farasi unamposa au unampeleka?" Nilicheka naye. Nilikuwa najivuna, sitaficha.

Siku ya tano, yapata saa tisa alasiri, tulifika kwenye daraja la mto pale Igawa, ndani ya Usangu. Lori lilipita juu yake, mbao zikanguruma, na Karanga akapanda miguu ya mbele hewani. Nikafanya kama kawaida: nikaketi kwenye mbao nikatoa kiazi. Saa kumi ikapita. Saa kumi na moja ikapita. Vibarua wawili wa barabara wakaja na kamba.

"Tumfunge macho kwa koti, tumvute," mmoja akasema. "Dakika mbili tu yuko ng'ambo."

Nikakataa. Niliona kwamba nikimvuta hapo, yote aliyojifunza tangu Uyole yatapotea, na Kalenga bunduki inamngoja. Mama mmoja aliyekuwa anatoka shambani na jembe begani akasimama kunitazama.

"Baba, mvute huyo. Hapa jioni si pa kukaa na mnyama."

"Mama, mgeni havutwi," nikamjibu. "Haraka haraka haina baraka."

"Haya," akasema, akaenda zake.

Jua lilizama tukiwa palepale. Vidudu vilitoka kwenye matete, vikamjaa masikioni na tumboni, nami nikavifukuza kwa kofia. Giza lilipoanza kuingia, Karanga akaweka kwato moja kwenye ubao, kisha ya pili, akavuka akiwa ameegemeza kichwa begani mwangu. Nilifurahi hata nikamwimbia.

Kutoka hapo hadi Makambako, Sao Hill na Ifunda, farasi alikuwa mwingine. Baridi ya nyanda za juu ilimkubali. Soko, kelele za watoto wa shule, mbwa, vyote alivitazama akapita.

Siku ya kumi na tatu, asubuhi, tuliingia shamba la Kalenga. Saisi, yaani mtunza farasi wa pale, Mzee Mhapa, mtu mzima mpole, alinipokea kwa "Kamwene," nikaitikia. Bwana wake alisimama kando amekunja mikono kifuani. Nikatafuta pa kuketi mbele ya banda. Kabla sijakunja goti, Karanga alinipita, akaingia mwenyewe, akaanza kula nyasi. Bwana akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akaondoka. Machozi yalinitoka, nikasingizia vumbi.

Kesho yake hakula. Juu ya macho palikuwa pamevimba. Mzee Mhapa alimpapasa, akauliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, mlikaa wapi jioni karibu na maji?"

Nikamwambia Igawa. Nikamwambia na sababu.

Hakunilaumu. Alileta blanketi, tukamfunika, tukakaa naye siku nzima. Povu jeupe lilimtoka puani. Alasiri alijilaza, na hakuinuka tena. Alifia katika banda ambalo hakuliogopa.

Tulimzika kutwa mbili, maana shimo la farasi ni kubwa. Kisha Mzee Mhapa akanisindikiza hadi Iringa mjini, nikapanda basi la Mbeya. Njia niliyoitembea siku kumi na tatu niliimaliza kabla sijapata la kumwambia mke wangu.

Nyumbani Sekela alikuwa anapembua maharage. Hakunipa hata maji kwanza.

"Alikubali kuingia?"

"Aliingia mwenyewe. Hakuvutwa."

Akatabasamu. Ningeweza kuishia hapo. Lakini yeye ndiye aliyemlea, na nisingeweza kulala naye nyumba moja na uongo ule. Nikamweleza daraja, jua, wale vibarua na kamba yao, na yule mama mwenye jembe. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono imetulia juu ya ungo.

"Ungemvuta, Baba Tumaini," akasema.

Hilo ndilo nililojifunza safari nzima, na nililijifunza nikiwa nimesharudi. Ningemvuta, angeniogopa mimi pia, lakini siku nane zilizobaki zingetosha kumfundisha upya, na hadi leo angekuwa hai.