Kompyuta Iliyogonga

Kompyuta yangu mpya ilikuwa inagonga.

Sisemi kunguruma. Kugonga. Ko, ko, kama mtu aliyesimama mlangoni na haya zake.

Ngoja nieleze, maana nikisimulia wengi wanadhani nimechanganyikiwa.

Kazi yangu ni kusoma kwa sauti. Nasoma vitabu vya hesabu, najirekodi, wanafunzi wasioona wanasikiliza. Nilikuwa nafanyia ofisini, hadi baba alipopooza upande wa kulia na ulimi ukagoma. Kaka ana familia yake, mimi sina. Ofisi nikaihamishia nyumbani.

Hapo ndipo nikahitaji kompyuta ya kuunganishiwa kipande kwa kipande. Zile zilizo tayari madukani zina kelele, na maiki yangu husikia hata sisimizi akipiga chafya.

Fundi niliyeelekezwa ni mwanamke, wanamwita Bisibisi.

"Kompyuta ya kufanyia nini?" akaniuliza.

"Ya kazi na ya nyumbani. Iwe kimya."

"Wote wanaokuja hapa wanataka kasi. Wewe unataka kimya?"

"Kimya kama haipo."

Akacheka, akavuta karatasi. Prosesa ya wastani, isiyopata moto haraka. Diski ambayo ndani yake hakizunguki kitu. Pawasaplai ya kugawa umeme ndani, ambayo feni yake inalala mpaka joto liiamshe. Kasha la chuma nene lenye sponji ubavuni. Kadi ya michezo akaikata kwa kalamu. "Hii itakula umeme na kukupigia kelele bure."

Nikaiweka mezani, meza nikaiegemeza kwenye ukuta unaonitenganisha na chumba cha baba. Nikafunga mlango, nikavaa headfoni, nikasoma.

Siku ya tatu mteja akapiga simu. "Dada, kuna kitu kinagonga kwenye rekodi zako."

Nikasikiliza. Kweli bwana. Ukurasa mzima kimya, halafu ko.

Nikabadilisha feni. Ko.

Nikabadilisha pawasaplai. Ko.

Kasha nililifungua na kulifunga mpaka skrubu zikalegea. Nikawa nakunywa chai nimesimama, nazunguka kutoka jikoni hadi mezani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mteja akaniambia wazi: wiki ijayo akiisikia tena, kazi anampa mwingine.

Kaka naye akaja na lake. Alisimama kando ya kitanda cha baba, mikono mfukoni.

"Mzee haelewi kitu tena. Nimepata kituo cha kulelea wagonjwa. Jumamosi naja na gari."

"Sina nguvu ya kubishana," nikamjibu.

Baba alikuwa anatazama dari.

Alhamisi nikamwita Bisibisi nyumbani. Akaifungua mashine yote, akaishika kila kipande, akapuliza, akatikisa kichwa.

"Dada, humu hakuna kitu cha kugonga. Vaa headfoni, soma kama kawaida. Mimi nasimama hapa nyuma yako."

Nikasoma kurasa mbili. Akanigusa bega.

"Sauti imetoka ukutani."

Nikakimbilia chumba cha baba. Alikuwa amelala vilevile, ila mkono wa kushoto, ule mzima, umekunjwa ngumi kando ya ukuta.

"Baba, unataka maji?"

Kimya.

"Nikugeuze?"

Kimya.

Bisibisi alikuwa mlangoni, kitabu changu mkononi, uso umebadilika.

"Dada, umesoma arobaini na sita. Hapa imeandikwa sitini na nne."

Nikaigeukia ile ngumi. Baba alifundisha hesabu miaka thelathini na moja.

Nikakaa pembeni ya kitanda. "Saba mara nane," nikasema polepole, "ni hamsini na nne."

Ko.

"Hamsini na sita."

Ngumi ikafunguka. Macho yake yalikuwa yananiangalia mimi.

Nilizirudia rekodi zote, kitabu mapajani. Zilikuwa na ko kumi na saba. Makosa yangu, kumi na saba. Mimi nanunua feni, kumbe mzee anasahihisha.

Jumamosi kaka akafika, gari linanguruma nje. Sikubishana naye. Nilimpa kitabu, nikamwambia amsomee baba, akosee kusudi.

Aliposikia jibu, kaka alikaa sakafuni, mtu mzima na ndevu zake, akaishika miguu ya baba. Gari likarudi tupu.

Kazi yangu ilibaki. Lakini kinachotuuma ni ile miezi minne tangu baba apooze.

Miezi minne tulisimama kando ya kitanda kile tukaongea kila kitu. Kama atapona, kama hatapona, tutampeleka wapi. Siku moja tulibishana nani abaki na saa yake, na saa yenyewe iko mkononi mwake, inatembea.

Tumemwomba radhi. Alitutazama muda mrefu, na mpaka leo hatujui kama ametusamehe.

Kwa hiyo wewe unayesoma hapa, una mgonjwa ndani asiyeongea: usimjadili akiwepo. Ingia, msalimie, mwambie leo ni siku gani. Ukimuuliza jambo, kaa chini usubiri jibu, hata likichelewa. Sisi hatukusubiri.