Sauti Yangu Kwenye Kiitikio

Nimeandika nyimbo za mapenzi zinazopigwa kwenye harusi kuanzia Ukunda hadi Msambweni, na sijawahi kumheshimu hata mmoja wa wanaoziimba. Huja Diani na wapambe wao, hustarehe hotelini, kisha huingia studio iliyo humo humo bila kujua hata wimbo utahusu nini.

Wa mwisho alitoka Nairobi na miwani myeusi ambayo hakuivua hata ndani. "Buda, nipe kitu ya Coast," aliniambia. "Iwe na mahaba, iwe na nazi nazi hivi."

Nazi nazi! Nikamwandikia upuuzi aliotaka: madafu, mchanga mweupe, njoo mpenzi unipoze moyo. Nikapiga gitaa, nikapiga kinanda, kisha nikauimba wote ili ausikilize aufuate, maana ndivyo tunavyowafanyia wasiojua kazi. Beti alizikokota hivyo hivyo. Kiitikio kilimshinda kabisa. Kila alipopandisha, sauti ilimkatika, naye akalaumu kiyoyozi. Mwishowe fundi wa mitambo akaiacha sauti yangu kwenye kiitikio na kumfukia yeye chini yake. Nyota wetu alipousikia alijipigia makofi. Nilitakiwa ninyamaze, nami nikanyamaza. Nani angejisifia takataka ile?

Mama yangu hakuwahi kuniuliza habari za kazi. Kwake mimi "niko hotelini", na hotelini kuna pombe na watu nusu uchi, basi.

Mwezi uliopita tulikuwa harusini kwa jirani, kijijini Mwabungo. Nilikuwa upande wa wanaume, tukingojea pilau, wimbo ule ulipopigwa. Wasichana wakashangilia. Mama akainuka, akaenda moja kwa moja kwa mwenye muziki.

"Rudisha hapo anapoimba mwanangu."

Wakamcheka. "Bibi, huyo ni mtu wa Nairobi. Anajulikana dunia nzima."

"Namjua mwanangu," alisema. "Nilimsikia akilia kabla hajajua kusema."

Wakazidi kucheka. Mwanamke mmoja akasema, bila hata kunong'ona, kwamba uzee umeshamharibu akili. Hasira zikanipanda. Wamcheke mama yangu kwa ajili ya yule bwege? Nikavuka upande wa pili, nikaomba muziki uzimwe na nipewe kipaza sauti, nikakiimba kiitikio chote, na madafu yake na mchanga wake, mbele ya wazee walionifundisha Kurani.

Vigelegele vikapasuka. Yule mwanamke aliinamisha macho. Mama hakupiga kigelegele. Alingoja nimalize, akakichukua kipaza sauti mkononi mwangu na kumrudishia mwenyewe, kisha akanivuta kando.

"Nilitaka wajue sina wazimu," alisema. "Sasa niambie. Sauti umepewa na Mungu, hilo nalijua. Hayo maneno je, umepewa na nani?"

Nilitafuta mtu wa kumsingizia.

"Ni yangu, mama."