Kibanda cha Luberizi

Juzi niliona picha ya familia ya Kiyahudi ikila ndani ya kibanda cha majani, katika Sikukuu ya Vibanda, nikakumbuka alasiri moja ya utotoni huko Luberizi, chini bondeni. Mimi na nyanya yangu tulikuwa tumekimbia vita kutoka milimani. Baba alibaki na ng'ombe. Kibanda chetu kilinukia nyasi mbichi, na kwa kuwa kanisani tulisomewa habari za sikukuu hiyo, niliamini nasi tulikuwa tukiisherehekea.

"Koko, sikukuu itaisha siku gani, baba akuye?" nilimwuliza nyanya, nikitamani baba aje.

"Weye! Iko sikukuu gani ya kulala njaa?" Nyanya alicheka.

Sasa najua kwamba Wayahudi huketi humo kukumbuka safari ya mababu zao jangwani, na kwamba sikukuu ikiisha kibanda hubomolewa. Baba hakushuka. Kibanda chetu tulikikandika udongo, kiwe nyumba.